Mwaka Niliogombea Choo

Mayo Namwinga tumemzika Jumanne iliyopita. Mimi kwenye ule msiba nilipewa kazi ya kuonyesha watu pa kuegesha pikipiki, kazi wanayopewa watu wa aina yangu, wanaoheshimiwa kidogo ila hawaaminiwi kwa jambo kubwa. Nikawa nimesimama juani na kitambaa chekundu mkononi, nawapungia watu, miguu inaniuma, maana mimi nakaribia hamsini lakini miguu imetangulia kufika. Nyuma yangu vijana wawili walikuwa wamekaa juu ya tofali wanakula wali kwenye sahani moja, wakadhani sisikii. "Huyu mzee ni nani?" mmoja akauliza. "Huyu? Aliwahi kugombea udiwani huyu." "Akapata?" "Sasa angepata angekuwa anapanga pikipiki?" Wakacheka, na mimi nikacheka kimya kimya, nimewapa mgongo, kwa sababu jibu lilikuwa zuri na ningekuwa na umri wao ningelitoa mimi. Lakini nilipofika nyumbani nikavua viatu, nikakaa kitandani, nikajikuta nimechoka uchovu ambao haukuwa wa jua. Ni uchovu wa ule mwaka. Nilidhani uliisha zamani, kumbe ulikaa tu mahali unanisubiri.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nauza viatu vya mtumba soko la mpakani, Tunduma. Siku hizo bado tulikuwa mkoa wa Mbeya, habari ya mkoa wa Songwe ilikuwa haijazaliwa, na madiwani wetu walipanda gari kwenda kukaa kikao Vwawa. Meza yangu ilipakana na ya Mayo Namwinga. Mayo maana yake mama, kwetu unamwita hivyo mwanamke yeyote mtu mzima, ila yeye soko zima lilimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa anauza maharage, ya njano, mekundu na yale ya madoadoa yanayotoka Mbozi, kila aina kwenye gunia lake, mdomo wa gunia umekunjwa vizuri kama shingo ya sweta. Mama mnene, mpole, ana kisukari. Na hapo ndipo penyewe, kwa sababu soko letu halikuwa na choo. Wanaume tulikuwa na ukuta fulani, Mungu atusamehe. Wanawake walikuwa wanavuka mpaka. Nasema kweli kabisa. Pale sokoni mpaka ulikuwa ni kipande cha vumbi na mtaro tu, huku Tunduma, kule Nakonde ya Zambia, na ng'ambo kulikuwa na gesti moja ambayo mwenyewe aliwaruhusu akina mama wa soko kutumia choo chake. Kwa hiyo haja ndogo kwetu ilikuwa safari ya nje ya nchi. Mimi ndiye niliyekuwa natangaza: "Mayo anasafiri! Mayo, usisahau pasipoti!" Naye bila kugeuka, "Nikuletee nini kutoka huko Ulaya?" Mara nne, mara tano kwa siku, na kila mara tunacheka kama vile ni mpya.

Mpaka asubuhi moja malori yalipojifunga. Barabara kubwa foleni ilikuwa imesimama tangu jana yake, madereva wakajaribu kukatiza njia ya soko, wakakwama humo humo, lori limegusa lori, hata paka hapiti. Mayo akanyanyuka. Mimi nikapiga tangazo langu la pasipoti. Nikamwona anazunguka lori la kwanza, anarudi, anajaribu kati ya la pili na la tatu, anarudi, kashika kiuno. Halafu akasimama. Alipokuja alikuja taratibu sana, akapita nyuma ya meza yangu, na chitenge chake nikakiona kimelowa. Watu wawili watatu nao waliona, mmoja akaziba mdomo. Nikachukua lile shuka ninalofunikia viatu nikampa, akajifunga, akakaa kwenye kigoda katikati ya viatu vyangu, ameligeuzia soko mgongo. Wateja wake nikawahudumia mimi. Hakulia. Saa sita akafungua kile kibakuli chake cha ugali na kapenta, dagaa za ng'ambo zile, akakitazama, akakifunika tena.

"Edson," akaniita.

"Naam, Mayo."

"Jana umemuuzia mtu viatu vyote viwili vya kulia."

"Alisema anavipenda, Mayo."

"Ndiyo maana nakwambia. Mdomo wa hivyo usiishie kwenye viatu. Uchaguzi huo unakuja. Kagombee, utuletee choo."

Mtu mwenye akili zake angemwambia Mayo, pole, ngoja tuandike barua. Mimi nikaenda kugombea. Mpaka leo sijui ilikuwa ni huruma au ni aibu, maana zile kelele za pasipoti miaka yote nilikuwa nazipiga mimi. Nikatafuta chama kimoja kidogo ambacho kilikuwa kinamtafuta mtu yeyote mwenye kadi ya chama na shati la kola. Kadi nilipewa siku ile ile. Yule bwana wa fomu akaniuliza elimu yangu, nikamwambia sekondari. Akauliza mpaka wapi. Nikamwambia mpaka mlangoni. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaandika "anajua kusoma na kuandika", na hiyo ndiyo digrii niliyonayo.

Ofisi yetu ya kampeni ilikuwa chumba cha nyuma ya saluni ya kike. Nikifumba macho nakiona: ukuta wa rangi ya pinki uliobabuka, benchi moja, kalenda ya mwaka uliopita, na harufu ya dawa ya nywele inayochoma macho, kiasi kwamba kila aliyekuja kuniunga mkono alitoka analia. Kati yetu na saluni kulikuwa na ubao tu, na mimi mchana wakati wenzangu wamekwenda kula nilikuwa naegemea pale nasikiliza ninavyosemwa. "Huyu wa choo si mbaya." "Ana mdomo." "Mdomo si ndio udiwani wenyewe?" "Lakini hata yeye mwenyewe anajicheka, utampaje kura mtu anayejicheka?" Hiyo ya mwisho ilinikaa. Nikajaribu siku mbili kuwa mtu mzito, natembea taratibu, naitikia salamu kwa kichwa. Siku ya tatu Mayo akaniuliza kama shingo inaniuma.

Mikutano yetu ilikuwa sokoni, jioni, watu wakishafunga biashara. Na hapa niseme bila kujisifu: tulijaza. Tulijaza mpaka watu wakapanda juu ya matrekta. Alikuwepo jamaa mmoja mbeba mizigo, tunamwita Ba Mulenga, hilo "Ba" ni heshima ya kule kwa Wabemba, mtu mwenye kifua kama kabati. Yeye alikuwa anageuza pipa la mafuta tupu anapiga ngoma, na nyuma yake wanawake mistari miwili, vitenge vya kufanana, wanaimba nyimbo za choo walizotunga wenyewe. Mimi napanda juu ya meza yangu ya viatu, naanza Kiswahili, nachanganya Kinamwanga, natupia na Kibemba kidogo, uwanja unalipuka. Mpinzani wangu tulimwita Mzee Mbolea kwa sababu ya duka lake la pembejeo. Mtu mfupi, mkimya, akihutubia anasoma karatasi na kidole. Mkutano wake mmoja wa sokoni ulikuwa na watu wa kukalia benchi mbili, na mmoja alikuwa amelala. Nilimhurumia yule mzee. Nilimhurumia kweli, usiku nawaza nitamsaidiaje akishashindwa.

Lakini kampeni inachosha, hilo hawakwambii. Kila nyumba unayoingia ni chai. Ukikataa chai umekataa nyumba. Siku moja nilikunywa nyumba kumi na moja, na viazi vitamu, na mahali pamoja ugali wa ulezi na visashi, zile mboga za karanga, halafu nikasimama kuhutubia habari ya choo nikiwa nimebana miguu kama mtoto wa chekechea. Watu wakadhani naigiza. Wakapiga makofi! Jioni nilikuwa narudi chumbani kwangu, nalala na shati la kola, asubuhi naamka nalo, kola imesimama yenyewe. Sauti ilikwisha wiki ya pili. Wiki ya tatu nilikuwa nasikia jina langu kwenye spika nageuka kumtafuta huyo Edson ni nani.

Mtaa wa juu, kule kwenye mashamba ya mahindi ambako kata yetu inaishia, nilikwenda mara moja tu. Hakukuwa na ngoma, Ba Mulenga siku hiyo alikuwa na mizigo. Walikaa kama watu thelathini kwenye kivuli cha stoo ya mahindi, wametulia, majembe yako pembeni. Nikawapa ile hotuba yangu ya choo, na ule mzaha wa pasipoti ambao sokoni ulikuwa unawagaragaza chini. Bibi mmoja mwenye sweta ya kijani akasubiri, akaniuliza, "Umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza, bibi. Akasema, "Choo sisi kila mtu anacho nyuma ya nyumba yake, mjukuu wangu. Maji tunachota kule bondeni. Mzee Mbolea alikuja hapa juzi, akaenda mpaka kwenye kile kisima, akaingia na viatu vyake. Wewe kisima umekiona?" Nikamwambia nitakiona. Nikashuka na baiskeli, najiambia hawa watu hawana raha ya maisha. Ningepanda tena kesho yake, pengine leo vijana wasingenicheka juu ya tofali. Lakini jioni sokoni walikuwa wananisubiri, na mtu akishazoea kupigiwa makofi, kwenda mahali anakoulizwa maswali ni kama kwenda kung'olewa jino.

Siku ya kura niliazima koti, nikapiga kura yangu mapema shuleni, nikajipigia mwenyewe bila aibu yoyote. Halafu nikapita sokoni kuona lilivyo tupu, maana nilijua watu wangu wote wako kwenye mistari. Nikakuta soko limejaa. Limejaa kama siku zote! Ba Mulenga ana gunia la mahindi begani.

"Ba Mulenga, umeshapiga?"

"Nipige nini, ba bosi?"

"Kura!"

Akalishusha lile gunia chini. Akanitazama vile unavyomtazama mtu aliyefiwa na bado hajaambiwa. "Ba Edson, mimi wa Nakonde. Sisi uchaguzi wetu bado."

"Na wale akina mama wanaoimba?"

"Ba kwetu wale, wa kule kule."

"Wote? Hata wenye vitenge vya kufanana?"

"Vile vitenge ni vya kwaya yetu, ba bosi."

"Sasa mlikuwa mnafuata nini kila jioni?"

"Aa, mikutano yenu tamu," akasema, na akasema kwa moyo wake wote. "Kwetu jioni hakuna kitu."

Wageni huwa hawaniamini nikiwasimulia hili. Wanauliza, ulikuwa hujui? Nilikuwa najua na sijui. Sisi pale tunaishi hivyo. Shangazi yuko ng'ambo, shamba liko huku, unabatizwa kule unaoa huku, Kinamwanga ni hicho hicho pande zote mbili. Kumuuliza mtu wa sokoni wewe wa upande gani ni sawa na kumuuliza jirani analala upande gani wa kitanda. Serikali inauliza, sisi hatuulizani. Na katika umri wangu wote ule ilikuwa haijawahi kutokea siku ambayo jibu la swali hilo lina kazi. Nilichukua mkutano wa nchi mbili nikauhesabu kwa kata moja. Mzee Mbolea hakuwa na watu sokoni kwa sababu hakuwatafuta sokoni, alikuwa anapanda kule juu, mlango kwa mlango, kwa watu wenye majembe na kadi za kura.

Nikaenda kwa Mayo Namwinga. Alikuwa anachambua mawe kwenye yale maharage ya madoadoa, na nilipofika hakuinua kichwa. Nikavuta kigoda. Nikamwambia, "Mayo, nionyeshe kidole." Aliyepiga kura anapakwa wino kidoleni, na mimi nilikuwa nataka nione wino mahali popote.

"Kidole gani?"

"Chochote, Mayo."

Akaacha kuchambua. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, vidole kumi, safi kabisa, na vumbi la maharage tu. "Niliolewa huku, Edson. Sikuandikwa huku. Baba watoto alipofariki nilibaki na maharage yangu, ila kadi yangu ni ya kule."

"Miezi yote hii, Mayo!"

"Hukuniuliza."

"Mimi nimegombea kwa ajili yako!"

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikukwambia. Ungejua sina kura ungekaa chini. Nami nilitaka mtu asimame aliseme lile jambo kwa spika. Limesemwa." Akarudi kwenye mawe yake. Baada ya muda akanisogezea ungo, nami nikaanza kuchambua, na koti la watu mwilini, na tulichambua mpaka jua likapungua. Nimekaa kwenye vyumba vingi tangu siku ile, kwenye vikao, kwenye misiba, hospitali, lakini sijawahi tena kukaa na mtu nimechoka vile na nisitake kuondoka.

Matokeo waliyabandika kwenye ukuta wa shule. Kura zangu zingekaa kanisani kwetu vizuri, na viti vingebaki. Nilijitahidi kuwahi kujicheka kabla hawajanicheka, nikapita mtaani naitwa "mheshimiwa wa Zambia" na naitikia. Watu wakasema huyu jamaa hana moyo wa kuumia. Ukishajulikana kwa utani, ukiumia watu wanasubiri umalizie kichekesho.

Haukupita muda, Mzee Mbolea akaja kwenye meza yangu. Diwani mteule, peke yake, hana hata mpambe. Akajaribisha viatu pea tatu, zote ndogo, naona kabisa hataki viatu. Mwisho akasema, "Kijana, wewe una maneno. Mimi sina. Kule juu nimeahidi maji, na maji nitayasemea mwenyewe kwa sababu kisima nakijua. Lakini ile ya choo siijui. Niandikie, nikaisome Vwawa." Nikamwambia mzee, choo kilishindwa uchaguzi. Hakucheka, na Mayo kwenye meza ya pili naye hakucheka. Mayo akasema neno moja tu, "Andika." Nikapinga. Nikasema nimechoka, nikasema hiyo ni hoja yangu, nikasema kwani mimi karani wake? Mayo akanyanyuka, akaanza safari yake ya kwenda ng'ambo, anazunguka malori kwa ule mwendo wake mzito, na mimi na mzee tukamtazama mpaka akapotea. Nikachana karatasi mbili katikati ya daftari. Niliandika jioni nzima kwa huu mwandiko wangu wa kuku, bila mzaha hata mmoja. Ndiyo hotuba yangu pekee iliyowahi kuingia kwenye kikao, na iliingia mfukoni mwa mtu mwingine.

Choo kilimalizika kiangazi kilichofuata, na mimi mwaka wangu nauhesabu mpaka hapo. Siku hizi ukienda utakikuta, vyumba viwili vina kufuli na funguo haijulikani iko kwa nani, bomba la nje linakohoa tu. Kimechoka kama mimi. Lakini siku ile kilikuwa kipya, kimepakwa rangi nyeupe, na utepe mwekundu mlangoni. Yaliletwa maturubai, spika, viti vya plastiki, na wageni kutoka Vwawa wenye miwani ya jua. Ba Mulenga na kwaya yake walikuja na pipa lao. Mimi nilikataa kukaa kwenye viti. Nilibaki kwenye meza yangu, nimekunja mikono, najifanya napanga viatu, roho inaniuma kama nimeibiwa, na ukweli ni kwamba nilikuwa nasubiri nisikie kama jina langu litatajwa. Halikutajwa. Walishukuru halmashauri, wakashukuru kamati, wakashukuru fundi, akashukuriwa hata aliyeleta mchanga. Mgeni mmoja akasimama kutoa neno fupi, likawa refu. Akafuata mwingine. Mzee Mbolea alikuwa amesimama pembeni ya utepe na mkasi mkononi, jasho linamtoka, anasubiri aambiwe kata.

Mayo alikuwa mstari wa pili, na chitenge kipya. Miaka yote ile nimekaa naye meza kwa meza, namjua. Nikamwona anasogeza mguu wa kushoto. Nikamwona anatazama kule mpakani, halafu anatazama ule mlango mweupe, halafu anatazama mgeni aliyeshika maikrofoni, ambaye alikuwa amefika kwenye jambo lake la pili kati ya matano. Nikaacha viatu.

Akanyanyuka. Hakuharakisha. Akapita mbele ya meza ya wageni, akapita mbele ya Mzee Mbolea na mkasi wake, akauinua ule utepe kwa vidole viwili kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, akainama, akaingia. Komeo tukalisikia likifungwa kwa ndani. Mgeni akashusha maikrofoni. MC akamtazama diwani, diwani akatazama karatasi yake, na kwenye karatasi hakukuwa na kitu cha kumsaidia.

"Tusubiri," Mzee Mbolea akasema.

Na soko zima, wa huku na wa ng'ambo, na wageni na miwani yao ya jua, tukakaa kimya tukamsubiri Mayo amalize.